Kabla Hujabonyeza "Pakua"

Anayetafuta wimbo wa bure mtandaoni huwa na swali moja tu: upo wapi? Akishaupata, maswali mengine huja yenyewe, na mara nyingi huja kwa sura ya salio lililokatwa usiku au simu iliyoanza kujifungulia matangazo. Swali la uhalali huulizwa kwa nadra, na likiulizwa hujibiwa kwa jazba. Huyu atakwambia kila mtu anapakua, yule atakwambia wote ni wezi. Hapo hakuna aliyekusaidia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Mbele ya sheria, anayesambaza wimbo ndiye aliye pabaya kuliko anayeusikiliza. Kwenye usalama wa simu na pesa, mambo yanageuka: anayesambaza anaingiza hela ya matangazo, na msikilizaji ndiye anayelipa. Kwa hiyo ukiwa msikilizaji wa kawaida, usipoteze usingizi kwa kuwaogopa polisi halafu ukabonyeza kila kitufe unachoonyeshwa. Na ukiwa mwenye blogu, kibanda cha kujaza flashi au chaneli ya Telegram, usijifariji kwamba wewe ni msikilizaji tu.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania Bara, sheria ya msingi ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 chini ya ofisi yake, KECOBO, na Uganda ina ile ya mwaka 2006. Maneno yanatofautiana, msingi unafanana: kunakili kazi, kuisambaza na kuiweka hadharani ni haki ya mwenye kazi, mpaka yeye mwenyewe atoe ruhusa.

Ila wimbo mmoja huwa na wenyewe kadhaa. Yupo aliyetunga maneno na sauti, wapo walioimba na kupiga vyombo, na yupo aliyegharamia kurekodi, ambaye anaweza kuwa prodyuza, lebo au msanii mwenyewe. Kila mmoja ana fungu lake. Ndiyo maana msanii anaweza kukupa wimbo kwa mkono wake, akakwambia "sambaza ndugu yangu", na bado ruhusa hiyo isitoshe, kwa sababu mkataba wake na lebo ulishamwondolea uwezo wa kuitoa.

Sheria ya 1999 imeacha mlango mdogo. Mtu anaweza kunakili kazi iliyokwisha kutolewa hadharani kihalali, kwa matumizi yake binafsi tu. Sheria ya Kenya nayo inayataja matumizi binafsi miongoni mwa matumizi yanayovumiliwa. Hapo ndipo anaposimama mtu aliyehifadhi wimbo kwenye simu ili ausikilize mwenyewe akiwa kwenye daladala. Lakini mlango ni mwembamba kweli. Nakala ikitoka mikononi mwako kwenda kwa mwingine, umeshatoka nje ya mlango huo. Na hata ukiwa ndani yake, haumkingi hata kidogo yule aliyeuweka wimbo mtandaoni bila ruhusa.

Mwaka 2015 Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kifungu cha 24 kinahusu hasa jambo letu. Kinamkataza mtu kutumia mfumo wa kompyuta, na simu imo, kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu zinazolindwa na sheria nyingine. Kama ukiukaji haukuwa wa kibiashara, adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua Sh milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukiwa wa kibiashara, faini inaanzia Sh milioni 20 na kifungo miaka 5, na mahakama inaweza kuongeza fidia. Rudia kusoma hilo fungu la kwanza. Utetezi wa "mimi sikuuza" unapunguza adhabu, haufuti kosa. Mwenye grupu la WhatsApp la watu mia kadhaa anayemwaga albamu nzima kila Ijumaa, tena kwa moyo mweupe, anacheza karibu na kifungu hicho kuliko anavyodhani.

Kenya iliongeza meno yake mwaka 2019. Mwenye haki akipeleka notisi iliyo kamili, mtoa huduma za intaneti ana saa 48 za kuiondoa kazi iliyolalamikiwa au kuzuia watu wasiifikie. Mwenye blogu ya nyimbo anaweza kuamka akakuta kurasa zake hazipo kabla hajaitwa popote.

Usidhani pia kwamba wimbo wa nje hauna mwenyewe huku. Kenya iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na kwa mkataba huo kazi ya Mnigeria au Mfaransa inalindwa hapa kama ya mzalendo.

Zipo imani za mtaani ambazo hazina mguu wowote kisheria. Kuandika chini ya wimbo kwamba "sina haki na wimbo huu, ni kwa ajili ya kuutangaza" hakukupi haki. Ukitafakari, umekiri kwa maandishi. Eti sekunde 30 za wimbo wowote ni bure: hakuna kifungu kinachosema hivyo. Na lile la kwamba "bando nimenunua, kwa hiyo nimelipia" ndilo linalonichekesha kuliko yote. Bando umelipia mtandao wa simu. Mtunzi hajaonja.

Na zilipendwa je?

Wengi huamini nyimbo za zamani ni mali ya umma kwa sababu waliozipiga wameshafariki. Hapa inabidi uchukue kalamu. Tanzania na Kenya zinalinda utunzi kwa uhai wote wa mtunzi, kisha miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Nyimbo alizotunga zina ulinzi hadi mwaka 2029. Mwenzake wa dansi, Marijani Rajab, alifariki 1995, kwa hiyo hesabu yake inafika 2045. Ukikuta tovuti inagawa dansi la miaka ya sabini kwa madai kwamba "imeshapitwa na wakati", mwenye tovuti hakupiga hesabu, au alipiga akaamua kunyamaza.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad ni mfano wa upande wa pili. Alirekodi santuri zake Bombay kuanzia mwaka 1928 na akafariki mwaka 1950. Kwa hesabu hiyohiyo, alichotunga mwenyewe kililindwa hadi mwaka 2000, na ulinzi wa kurekodi, ambao nchini Kenya ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka wa kurekodi, ulikwisha zamani. Tahadhari ni moja: ikiwa maneno ya wimbo fulani yalitungwa na mshairi mwingine aliyeishi miaka mingi baada yake, hesabu inaanzia kwenye kifo cha huyo mshairi.

Ukiwa ughaibuni

Uzoefu wa Kariakoo au River Road usiubebe kwenda nao Ujerumani. Kule mwenye wimbo hutumia mawakili, na mawakili hutuma barua inayodai pesa na ahadi ya maandishi kwamba hutarudia. Mara nyingi madai huwa mamia ya euro. Wanaonaswa hasa ni wanaotumia mtandao wa torenti, kwa sababu programu hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja: unapopokea vipande vya faili, nawe unavigawa kwa wengine. Unajiona unapakua, kumbe umeshakuwa msambazaji. Barua yenyewe huenda kwa jina la mwenye Wi-Fi, siyo kwa mgeni aliyelala sebuleni, na undugu umeshawahi kuingia doa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kwa Umoja wa Ulaya kwa jumla, Mahakama ya Haki ya umoja huo iliamua Aprili 2014 kwamba ruhusa ya kunakili kwa matumizi binafsi haigusi nakala iliyotoka kwenye chanzo haramu. Ule mlango mwembamba niliousema, kule umefungwa kwa nyimbo za tovuti za wizi. Marekani kulikuwa na kesi ya mama mmoja wa Minnesota ambaye baraza la mahakama lilimwamuru mwaka 2007 alipe dola 222,000 kwa nyimbo 24. Kesi ilisikilizwa upya, kiasi kikapanda na kushuka, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikakirudisha palepale. Kampuni za muziki za huko ziliacha kampeni ya kushtaki wasikilizaji mmojammoja tangu mwishoni mwa 2008, ila sheria iliyowawezesha bado ipo.

Yanayoikuta simu yako

Sasa tuje kwenye hasara inayompata msikilizaji wa hapa nyumbani. Fungua tovuti yoyote ya nyimbo za bure uitazame taratibu kama unavyotazama hati ya kiwanja. Juu kuna jina la wimbo. Chini yake kuna kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa "PAKUA". Chini ya hicho kipo kingine chekundu, "PAKUA HARAKA". Halafu kuna dirisha linaloomba ruhusa ya kukutumia arifa, na pembeni kuna onyo linalopepesa kwamba simu yako imeingiwa na virusi. Kiungo cha wimbo wenyewe, kama kipo, ni maandishi membamba kule chini kabisa. Vitufe vikubwa vyote ni matangazo. Mwenye tovuti analipwa kwa kila anayekosea, na ukurasa umepangwa ili ukosee.

Faili la MP3 lenyewe ni nadra kuwa na madhara. Madhara yako kwenye programu unayoambiwa uisakinishe ili uupate wimbo. Kwa hiyo tazama mambo mawili kabla ya kufungua chochote kilichoshuka: mwisho wa jina na ukubwa. Wimbo huishia na .mp3 au .m4a. Jina likiishia na .apk, hiyo ni programu ya Android, hata kama mbele yake wameandika jina la wimbo unaovuma, na hata kama wameandika .mp3 kisha .apk. Kwa kompyuta, .exe ni hivyohivyo. Ama ukubwa, MP3 ya ubora wa kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne basi ni kama MB 4, na wa kilobiti 320 ni kama MB 10. Kitu cha KB 200 kinachojiita wimbo mzima hakiwezi kuwa wimbo. Kifute bila kukifungua.

Simu ikikuuliza kama unakubali kusakinisha programu kutoka chanzo kisichojulikana, jibu ni hapana. Kama ulishakubali, ingia Mipangilio, kisha Programu, uangalie iliyoingia siku ile. Tazama ruhusa ilizopewa. Programu ya muziki inahitaji hifadhi, basi. Ikiwa imeomba kusoma SMS, kuona waasiliani au kutumia huduma za ufikivu, iondoe papo hapo, maana SMS ndiko zinakopita namba za siri za mara moja za benki na mitandao mingi, na kwa huduma za ufikivu programu inaweza kusoma kilichoko kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Ukishaiondoa, badilisha namba ya siri ya pesa za simu, na ufanye hivyo kwa kutumia simu nyingine kama una wasiwasi kwamba hiyo bado haijasafika.

Zile arifa za ajabu zinazotokea usiku, za picha za aibu au za "umeshinda iPhone", kwa kawaida si virusi. Ni wewe uliyebonyeza "Ruhusu" siku moja ukiwa na haraka. Kwenye Chrome ingia Mipangilio, Mipangilio ya Tovuti, kisha Arifa, uifute kila tovuti usiyoitambua. Dakika mbili zinatosha, wala huhitaji kununua antivirasi wala kumlipa fundi. Mafundi wengine hulipisha hela nzuri kwa kazi hiyohiyo.

Halafu kuna makato. Hili linawaumiza zaidi watu wa vocha ndogo. Ukiwa kwenye data ya simu, mtandao unaijua namba yako hata kama hujaiandika popote. Baadhi ya matangazo yanakupeleka kwenye ukurasa wa huduma ya kulipia, ambako kubonyeza "Endelea" peke yake kunakuunganisha. Inakuja SMS ya kukukaribisha, unaidhania takataka na kuifuta. Kesho yake salio limepungua, keshokutwa tena, na wewe unalaumu bando. Soma SMS za namna hiyo. Nyingi zinaeleza neno la kutuma ili ujitoe. Ukishindwa, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uulize wazi: "Namba yangu imeunganishwa na huduma gani za kulipia?" Waambie waziondoe zote na ukatae kuunganishwa tena. Na ukipokea ujumbe wa kitapeli kutoka namba ya mtu, Tanzania unaweza kuiripoti kwa kutuma SMS kwenda 15040.

Hasara ya mwisho ni ndogo lakini huwakera wapenda muziki: ubora wa uongo. Tovuti nyingi huchomoa sauti kwenye video za YouTube, ambazo huwa na kilobiti 128 hadi 160 hivi, kisha huitia kwenye faili lililoandikwa 320. Faili linanenepa, sauti haiongezeki. Kwenye spika ya simu hutaona tofauti. Kwenye spika za harusi utaisikia: matoazi yanachurura na besi inavuma bila umbo. Zaidi ya hayo, masharti ya YouTube yenyewe hayaruhusu kupakua isipokuwa kwa kitufe walichokuwekea wao, na moja ya tovuti kubwa kabisa za uchomoaji huo, youtube-mp3.org, ilifungwa mwaka 2017 baada ya kushtakiwa na kampuni za muziki.

Kibanda cha flashi

Karibu na kila stendi yupo kijana mwenye kompyuta, spika moja na bango: "Tunaingiza nyimbo." Unampa flashi, unamwambia "niwekee taarabu na singeli, jaza", unamlipa, unaondoka. Yeye ndiye anayefanya biashara ya kazi za watu, na wa aina yake ndio wa kwanza kubanwa unapofanyika msako, kwa kuwa ushahidi uko mezani na bei imebandikwa ukutani. Wewe mteja una tatizo jingine. Kompyuta ile imechomekwa flashi za nusu ya mtaa tangu asubuhi, na kirusi kimoja kinatosha kuzitembelea zote. Usimpe flashi yenye vyeti vyako, picha za familia au faili za ofisi. Mpe tupu, na ukifika nyumbani, uikague kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta ya kazi.

Lakini namwelewa mteja wake. Ukisikilizia mtandaoni, video ya dakika nne yenye ubora wa kati inaweza kumeza MB 20 na zaidi, na ukiirudia kila siku kwa wiki nzima, umeshateketeza bando la maana. Anayemwambia mtu wa namna hiyo "sikiliza mtandaoni" bila kumwonyesha njia ya kuhifadhi wimbo hajawahi kununua bando la siku.

Bure iliyo halali ipo

Huduma ya Mdundo, iliyoanzia Nairobi mwaka 2013, inakupa MP3 kamili bila malipo, wewe unavumilia matangazo, na wasanii wanagawiwa sehemu ya mapato. Faili ni MP3 ya kawaida, linaingia kwenye flashi na redio ya gari. Kwa mazingira yetu naiona ndiyo njia inayofaa kuanza nayo. Audiomack ina nyimbo nyingi unazoweza kuzihifadhi ndani ya programu bila kulipa na kuzisikiliza bila data. Boomplay huja imeshawekwa kwenye simu nyingi za Tecno, Infinix na itel. Kusikiliza ni bure kwa matangazo, ila kuhifadhi nyimbo nyingi kunahitaji kujiunga kwa malipo. Spotify, iliyofika kwetu Februari 2021, kwa wasiolipa haihifadhi nyimbo kabisa, na kwa wanaolipa inataka uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizohifadhi hazifunguki. Wimbo uliouhifadhi kwenye programu za namna hii hautoki kwenda kwenye flashi. Umeukodi, hujaununua.

Ukitaka kununua ubaki nao, Bandcamp inauza faili kamili unaloweza kulinakili kwenye vifaa vyako. Huko utazikuta pia singeli zilizotolewa na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Utahitaji kadi ya benki au PayPal.

Vipi kuhusu blogu za Bongo Fleva? Hapa mambo hayajanyooka. Kwa miaka mingi wasanii wetu wenyewe walizituma nyimbo zao kwa wenye blogu wakiomba ziwekwe, kwa sababu umaarufu ndio uliowaletea shoo, na shoo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Wengine wanafanya hivyo hadi leo. Kwa hiyo kiungo cha blogu si lazima kiwe cha wizi. Njia nyepesi ya kujua ni kwenda kwenye ukurasa wa msanii, Instagram au kwingineko, na kutazama kiungo alichokiweka mwenyewe kwenye wasifu wake. Kikikupeleka kwenye blogu ile, pakua kwa amani. Kikikupeleka kwenye majukwaa ya kusikilizia tu, wakati blogu inagawa MP3 siku hiyohiyo, umeshajua.

Ukiutumia wimbo kazini

Mtengeneza video asichukue wimbo aliopakua tu popote akautia chini ya video yake. YouTube ina mfumo unaotambua wimbo ndani ya video, na mwenye haki anaweza kuchagua mapato yote yaende kwake au video izuiwe. Akipeleka malalamiko rasmi ya hakimiliki unapata onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima pamoja na kazi zako ulizotoa jasho. Tumia Maktaba ya Sauti iliyomo ndani ya YouTube Studio, au muziki wenye leseni ya Creative Commons, na soma leseni hiyo mpaka mwisho: ikiwa na herufi NC, hairuhusu matumizi ya kibiashara, ikiwa na BY, lazima umtaje mwenye kazi.

Mwenye baa, saluni, hoteli au matatu naye asichanganye mambo. Hata kama kila wimbo umeununua kihalali, malipo hayo yalikuwa ya masikio yako. Kuupiga mbele ya wateja ni haki nyingine yenye leseni yake. Kenya leseni hizo kwa miaka mingi zilihusu vyama vya kukusanya mirabaha vya MCSK, KAMP na PRISK. Tanzania Bara ulizia COSOTA, na Zanzibar COSOZA. Dai risiti, na uangalie kitambulisho cha anayekuja mlangoni kukusanya, kwa sababu matapeli nao wameshajua kwamba wafanyabiashara wengi hawajui.

Ukiupenda wimbo na unataka ndugu na rafiki zako wausikie, tuma kiungo cha pale unapopatikana kihalali; acha kutuma faili lenyewe. Kwako ni mguso uleule wa kidole, hakuna hakimiliki iliyovunjwa, na kila atakayeufungua anahesabiwa kwa jina la msanii.